Tusinunue Chujio Kabla ya Waya wa Ardhi

Lipo swali ambalo kila kamati ya kwaya, kila kamati ya msikiti na kila mwenye redio yake nyumbani katika milima ya Usambara hulikabili siku moja au nyingine, nalo si swali la anasa kama wengine wanavyodhani. Sauti inapotoka pamoja na mvumo, au redio inapokwaruza hata habari zisisikike, je, ni busara kutoa fedha na kununua waya mnene wa umeme, plagi yenye kung'aa na chujio la kusafishia umeme? Vitu hivyo vinaleta tofauti katika sauti, au vinaleta tofauti katika mfuko wa muuzaji peke yake?

Tunajibu mapema ili msomaji asipapase gizani. Baadhi ya vifaa hivyo vina kazi inayojulikana na kupimika; baadhi ni mapambo matupu. Lakini hata vile vyenye manufaa, vingi havitimizi kazi yake ipasavyo iwapo nyumba haina waya wa ardhi ulio kamili, ule ambao mafundi wetu huuita ethi. Waya huo ndio unaosahauliwa kwanza nyumba inapojengwa, na mara nyingine ndio unaokatwa makusudi ili mvumo unyamaze. Hapo ndipo jambo hili linapoacha kuwa la masikio na kuwa la uhai wa watu.

Umeme si mgeni katika bonde la Pangani. Kituo cha Hale, chenye uwezo wa megawati 21, kilianza kazi mwaka 1964. Kile cha Nyumba ya Mungu, chenye megawati 8, kikafuata mwishoni mwa miaka ya 1960. Na kituo kipya cha Maporomoko ya Pangani, chenye megawati 68, kikaanza katikati ya miaka ya 1990. Mito ya Mkomazi na Luengera, ambayo hupokea mvua za milima yetu, huingiza maji yake katika Pangani kabla mto huo haujafika Hale. Hata hivyo, vijiji vingi vya milimani viliishi kwa miaka mingi vikiyatoa maji bila kuuona umeme wake. Mabadiliko makubwa yalikuja baada ya Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005, ambayo ilianzisha Wakala wa Nishati Vijijini, nguzo zikaanza kupanda miteremko ambako zamani kulipanda njia za miguu tu.

Kuja kwa umeme kumekuja na vyombo vya sauti. Lushoto ni nchi ya sauti. Kwaya za makanisa yake zina sifa ya muda mrefu. Azana husikika kutoka kilima kimoja hadi kingine. Harusi na mikutano ya hadhara haifanyiki tena bila kipaza sauti. Mkulima wa mboga na matunda, naye anataka kusikia redioni hali ya barabara, ya mvua na ya soko kabla hajapakia mzigo wake kwenda Dar es Salaam. Haya ni mahitaji ya watu wa kawaida, na fedha zinazoyagharimia ni michango ya watu wa kawaida: shilingi za waumini, akiba za vikundi vya akina mama, mauzo ya magunia ya viazi. Fedha za namna hiyo zina haki ya kutumiwa kwa akili.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Vifaa hivi vya kupendezesha umeme vinajitembeza sana siku hizi, madukani na katika simu zetu za mkononi. Mnunuzi huambiwa kwamba waya mnene utaufanya umeme "upumue", kwamba plagi iliyopakwa dhahabu itang'arisha sauti za juu, na kwamba sanduku fulani litaondoa "uchafu" wote uliomo katika nyaya. Maneno ni matamu. Basi na tuyapime, kwa kuwa umeme, tofauti na maneno, unapimika.

Tuanze na safari ya umeme wenyewe. Umeme uingiao nyumbani mwetu unatakiwa kuwa wa volti 230. Chukua nyumba iliyo kilomita moja kutoka kwenye transfoma, na tuseme njia inayokwenda huko ni ya fezi moja, yenye nyaya za aluminiamu za milimita 50 za mraba. Kilomita moja ya waya kama huo ina ukinzani wa takriban omu 0.64, na kwa kuwa umeme hauna budi kwenda na kurudi, hesabu inakuwa omu 1.28. Ikiwa nyumba zilizo mwishoni mwa njia hiyo zitavuta kwa pamoja ampea 20, kiasi cha pasi nne za umeme hivi, basi volti 25 na ushei zitapotea njiani. Zilizoondoka zikiwa 230 zitafika zikiwa kama 204. Ndiyo sababu taa hufifia saa za jioni, na ndiyo sababu amplifaya hukosa nguvu ngoma inapokolea.

Sasa tuugeukie waya wa mwisho, ule wa mita moja na nusu kutoka ukutani hadi kwenye amplifaya. Waya wa kawaida wa shaba wa milimita 1.5 za mraba, kwenda na kurudi, una ukinzani wa omu 0.036 hivi. Amplifaya inayovuta nusu ampea itapoteza humo volti 0.018, yaani chini ya sehemu moja ya hamsini ya volti moja. Waya mnene kuliko huo, hata ungesukwa kwa fedha, hauwezi kukurudishia zaidi ya hiyo sehemu moja ya hamsini. Mwananchi aliyepoteza volti 25 barabarani anauziwa dawa ya kuokoa punje mlangoni. Tena umeme huo ukishaingia ndani ya amplifaya hupunguzwa, hunyooshwa na kuhifadhiwa katika kapasita kubwa kabla haujatumika kutoa sauti; kazi ya kuusawazisha imo ndani ya chombo, nayo hufanyika pale pale bila kujali uzuri wa waya uliouleta.

Hatusemi kwamba waya wowote unafaa. Waya mwembamba kuliko kipimo, waya uliochunika, plagi inayocheza ndani ya soketi, au ekstensheni ya bei ya chini inayopata moto, hivyo vyote ni hatari na vyote huleta mikwaruzo. Mtu akibadilisha waya mbovu kwa waya mzima atasikia tofauti, naye ataisifu bei kubwa aliyolipa, kumbe waya mzima wowote wa kipimo halali ungefanya kazi ile ile. Tofauti ni ya ubovu na uzima, wala si ya uzima na uzuri.

Ukarimu huu wa kukiri lililo kweli tunaudai pia kwa upande wa machujio, kwani wapo wanaosema kwamba chujio la umeme ni ulaghai mtupu. Hilo nalo si kweli. Mwingiliano upo. Mashine ya kuchomelea vyuma, mota ya cherehani au ya mashine ya kusagia, chaja ya simu ya bei ndogo, na zaidi ya vyote balbu nyingi za LED zilizotengenezwa bila kujali, hutoa mawimbi ya kasi yanayosafiri katika nyaya za nyumba na kuruka hewani. Balbu njema huwa na vipande vidogo ndani yake vya kuyazuia mawimbi hayo. Balbu mbaya vipande hivyo vimeachwa ili kupunguza gharama ya kuitengeneza, na gharama hiyo hulipwa na jirani mwenye redio.

Milima yetu inalifanya jambo hili kuwa zito zaidi kuliko lilivyo tambarare. Mawimbi ya FM huenda karibu sawasawa na mstari ulionyooka, kwa hiyo kijiji kilicho nyuma ya kilima hupata mabaki tu ya mawimbi hayo. Masafa ya kati na mafupi hufika mbali zaidi, lakini ndiyo yanayoharibiwa kirahisi na mikwaruzo ya umeme. Mtu wa mjini ambaye stesheni yake ina nguvu hataisikia kelele ya balbu yake. Mtu wa bondeni nyuma ya mlima, ambaye mawimbi yanamfikia yamechoka, ataisikia kelele hiyo kuliko mtangazaji. Kelele ni ile ile. Kilichopungua ni sauti ya kushindana nayo.

Kwa ugonjwa wa namna hiyo chujio lina maana. Chujio halisi ni koili na kapasita zilizopangwa ili umeme wa hezi 50 upite na mawimbi ya kasi yazuiwe. Ipo pia pete ya feraiti, madini meusi yenye chuma, ambayo hufungwa juu ya waya na kuyakaba mawimbi ya kasi bila kuugusa umeme wa kawaida. Wahenga wanasema chanda chema huvikwa pete, na waya wa redio nao huweza kuvikwa, kwa gharama ndogo na kwa faida ya kweli pale kelele inapopita katika waya huo. Lakini pete hiyo haitaondoa mvumo mzito wa hezi 50, kwa sababu haikutengenezwa kuuona. Wala haitapandisha volti zilizoshuka. Wala haitazuia kelele inayoingia kwa njia ya hewa moja kwa moja katika antena.

Kwa hiyo mwananchi hana budi kuutambua ugonjwa kabla ya kununua dawa, na kuutambua hakuhitaji fedha. Achukue redio inayotumia betri, aichomoe katika umeme, kisha aisikilize. Ikiwa kelele imekoma mara tu waya ulipochomolewa, kelele ilikuwa ikipita katika waya, na chujio au pete inaweza kusaidia. Ikiwa kelele inaendelea, azime swichi kuu ya nyumba. Ikikoma hapo, adui yumo ndani ya nyumba. Awashe tena kitu kimoja kimoja, balbu baada ya balbu, chaja baada ya chaja, hadi atakapomkamata, na dawa ni kumtoa adui huyo. Ikiwa nyumba yote iko kimya na kelele bado ipo, basi inatoka kwa jirani au katika njia ya umeme nje, na hakuna sanduku la kuuzwa dukani litakaloiponya. Dawa ni kumwona jirani au kutoa taarifa TANESCO.

Tumefika sasa penye kiini cha maneno yetu. Kelele inayowasumbua zaidi wenye vyombo vya sauti, yaani wanakwaya, wapiga muziki na wahudumu wa misikiti, si mikwaruzo ya balbu bali ni mvumo: ile sauti nzito isiyokoma inayosikika hata kabla mtu hajasema neno. Mara nyingi chanzo chake ni mzunguko wa ardhi. Mikisa imechomekwa katika soketi ya upande mmoja wa ukumbi na amplifaya katika soketi ya upande mwingine. Vyote viwili vina waya wa ardhi. Kisha waya wa sauti unaviunganisha na kufunga duara. Katika duara hilo hupita mkondo mdogo wa hezi 50, na spika huutangaza kwa wote.

Dawa yake ni rahisi. Vyombo vyote vya sauti vichomekwe mahali pamoja, kwani soketi moja ya ampea 13 huweza kutoa takriban wati 3,000, ambazo ni nyingi kuliko mahitaji ya vikundi vingi vya kijijini. Nyaya za sauti zisilale ubavuni mwa nyaya za umeme. Vyombo vyenye nafasi ya waya wa sauti wa njia tatu vitumie waya huo badala ya ule wa njia mbili. Na pale ambapo hayo hayatoshi, kiwekwe kisanduku chenye transfoma ndogo ya kutenganisha, ambacho huipitisha sauti na kuukata mzunguko. Hakuna hata moja kati ya hayo lenye gharama ya waya wa kifahari.

Lakini ipo dawa nyingine, ya mkato, ambayo kila fundi anaijua na ambayo fundi mwema haitumii. Ni kuukata waya wa ardhi ndani ya plagi. Mvumo hukoma papo hapo, kamati hufurahi, fundi husifiwa. Kuanzia siku hiyo mwimbaji anashika kipaza sauti cha chuma kilichounganishwa na chombo kisicho na kinga. Siku waya wa ndani utakapolegea na kugusa ganda la chombo, umeme wote wa volti 230 utaitafuta ardhi, na njia pekee itakayokuwapo ni mwili wa mwimbaji huyo, ambaye pengine amesimama bila viatu juu ya sakafu yenye unyevu wa ukungu wa milimani.

Haya si maneno ya kutishia watoto. Mwezi Mei mwaka 1972, katika mji wa Swansea huko Uingereza, mpiga gitaa Leslie Harvey wa kundi la Stone the Crows alifariki jukwaani mbele ya wasikilizaji wake baada ya kugusa kipaza sauti ambacho hakikuwa na ardhi ipasavyo. Alikuwa na umri wa miaka 27. Ikiwa hayo yaliweza kutokea katika ukumbi wa muziki wa nchi yenye viwanda na wakaguzi, tuna sababu gani ya kujidanganya kwamba hayawezi kutokea katika ukumbi wa kijiji?

Na hapa ndipo chujio la kifahari linapogeuka kuwa kinyume cha lilivyonunuliwa. Machujio mengi yana kapasita mbili zinazotoka katika nyaya za umeme na kwenda kwenye waya wa ardhi. Huko ndiko kelele zinakotupwa. Nyumba isiyo na ethi haina pa kuzitupa kelele hizo. Matokeo yake ganda la chuma la chombo hubaki na takriban nusu ya umeme wote, yaani volti 115 hivi. Mkondo wake ni mdogo, na katika chujio zima hauui. Lakini huchoma vidole, na mwenye chombo hudhani kwamba chombo kimeharibika, kumbe ni chujio lake linaloililia ardhi. Hivyo mtu ametoa fedha ili kuondoa uchafu, akaupata uchafu na mchomo pamoja.

Ndivyo ilivyo pia kwa vikinga radi vidogo vilivyomo katika ekstensheni za bei ya juu. Navyo vina manufaa, kwani huweza kuzima mipigo mifupi ya umeme inayotokea pale umeme unaporudi ghafla au radi inapopiga mbali. Lakini sehemu ya kazi hiyo huutegemea waya wa ardhi. Tena vifaa hivyo huchoka kila vinapopigwa, na hakuna kimoja kinachoweza kusimama mbele ya radi iliyopiga nguzo ya karibu. Kwa watu wanaoishi mahali pa juu kama sisi, kinga iliyo bora bado ni ile ya bure: mawingu yanapokusanyika, chomoa plagi, na chomoa antena pia.

Stabilaiza nayo tuiseme kwa haki. Kwa nyumba ambayo volti zake zimeshuka, stabilaiza iliyo nzima huleta tofauti inayoonekana kwa macho, hasa kwa friji na kwa amplifaya. Ila ijulikane kwamba haiumbi umeme. Ili kupandisha volti, huvuta mkondo mkubwa zaidi kutoka njia ile ile iliyochoka, na jirani aliye mbele hupata pungufu. Kijiji kizima kikinunua stabilaiza, kijiji kizima kitakuwa kimegombania gunia lile lile la unga kwa vibaba vikubwa zaidi. Dawa ya njia ndefu ni transfoma kusogezwa karibu na nyaya kuongezwa unene, na hiyo ni kazi ya umma, haiwezi kufanywa na mtu mmoja mmoja dukani.

Wala jambo la njia ndefu si letu peke yetu. Mwezi Machi mwaka 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alieleza hadharani mpango wa kununua umeme kutoka Ethiopia kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, na miongoni mwa sababu alizotoa ni upotevu wa umeme unaosafirishwa mwendo mrefu kutoka kusini. Hayo yalisemwa wakati ambapo bwawa la Julius Nyerere, lililopangwa kutoa megawati 2,115 na ambalo mtambo wake wa kwanza ulianza kazi Februari 2024, lilikuwa limekwisha kuipa nchi nguvu kubwa isiyopata kuonekana. Fundisho lake ni wazi: kuzalisha ni jambo moja, kufikisha ni jambo lingine. Ikiwa taifa linakiri kwamba mwendo hula umeme, kijiji nacho kisione haya kukiri hivyo hivyo na kudai dawa inayolingana na ugonjwa.

Wapo watakaotuuliza: mbona huko Ulaya, Marekani na Japani wapo watu wenye elimu zao wanaonunua nyaya hizi kwa bei ya gari, na kuapa kwamba wanasikia tofauti? Hatuwaiti waongo. Sikio la binadamu husikia kwa msaada wa macho na wa mfuko; aliyelipa sana husikia sana. Mwaka 2007 James Randi, Mmarekani aliyekuwa bingwa wa mazingaombwe na mfichuaji wa ulaghai, alitangaza kwamba zawadi yake ya dola milioni moja iko wazi kwa mtu atakayeweza kutambua, kwa kusikiliza bila kuona, tofauti kati ya nyaya za spika zilizouzwa dola 7,250 na nyaya nyingine za bei ya chini zaidi. Jaribio hilo halikufanyika, na zawadi ile haikupata kuchukuliwa na mtu yeyote. Hatusemi kwamba kisa hicho kinamaliza ubishi. Tunasema tu kwamba anayeuza tofauti kubwa hana sababu ya kuogopa kitambaa cha macho.

Nasi tunacho kitambaa. Kamati inayotaka kununua waya au chujio na imwombe muuzaji auache mzigo wake kwa siku moja. Mtu mmoja akae nyuma ya pazia akibadilisha waya mpya na wa zamani kwa kurusha sarafu, wengine wasikilize na kuandika wanachodhani. Wafanye hivyo mara kumi. Anayebahatisha tu hupata kama tano kati ya kumi. Kupata kumi zote kwa bahati ni jambo linalotokea mara moja katika majaribio zaidi ya elfu moja. Ikiwa wasikilizaji watapata tisa au kumi, basi wanunue kwa moyo mweupe. Ikiwa watapata tano, wamrudishie muuzaji mzigo wake kwa heshima na kubaki na fedha zao.

Wengine watasema kwamba fedha ni za mwenyewe na kila mtu ana uhuru wa kununua akitakacho. Ni kweli kwa tajiri na redio yake. Lakini fedha za kwaya ni amana, fedha za msikiti ni amana, na mkulima aliyeuza mavuno yake ana watoto wanaozihitaji daftari. Tena mnunuzi huru ni yule aliyeambiwa kweli. Aliyedanganywa hakuchagua, amechaguliwa.

Kwa hiyo tunashauri utaratibu wa matumizi, na tunaomba kamati zote ziubandike ukutani. La kwanza ni ethi: fimbo ya shaba iliyozama ardhini ipasavyo, ikaunganishwa na kila soketi, ikapimwa kwa chombo cha kupimia na fundi mwenye leseni ya EWURA, kwa kuwa ardhi yenye mawe na iliyokauka haipokei umeme kama ardhi yenye unyevu, na fimbo iliyofaa kwa nyumba ya bondeni huenda isitoshe kwa nyumba ya mwambani. La pili ni swichi ya kinga inayokata umeme inapoona unavuja kwa miliampea 30, ambayo huokoa maisha kabla moyo haujasimama. La tatu ni nyaya na plagi nzima za kipimo halali. La nne ni mpangilio mwema wa vyombo, ambao ni wa bure. La tano ni stabilaiza pale volti zilipopimwa na kuonekana zimeshuka. Chujio na pete vije baada ya hayo yote, na vije tu pale ugonjwa wake umethibitika. Waya wa kifahari hauna nafasi katika orodha hii.

Vyombo vya umma navyo vina wajibu. Shirika la Viwango Tanzania, ambalo lilianzishwa mwaka 1975, tunaliomba lizitazame balbu na chaja zinazoingia nchini, si kwa kuungua kwake peke yake bali pia kwa kelele zinazotoa, na lizitazame ahadi zilizoandikwa juu ya maboksi ya machujio. Tume ya Ushindani isimwache muuzaji atangaze nguvu ambazo hakuzipima. TANESCO ipime volti mwishoni mwa njia zake saa za jioni, wala si saa nne asubuhi wakati wanakijiji wako mashambani. Vyuo vya VETA viwafundishe vijana wetu kwamba kukata waya wa ardhi si ufundi bali ni kosa. Na wananchi wenyewe wasilalamike barazani tu. Malalamiko ya kijiji kizima yaliyoandikwa, yenye tarehe, saa na volti zilizopimwa, yana uzito mbele ya TANESCO, EWURA na Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji kuliko manung'uniko ya mwaka mzima.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika jambo hili ufa wenyewe hauko katika plagi. Uko chini ya miguu yetu, mahali ambapo fimbo ya shaba ilipaswa kuzikwa na haikuzikwa. Kamati iliyo na fedha za chujio wiki hii na izipeleke kwanza huko. Na fundi atakayeombwa kuukata waya wa ardhi ili kwaya isikike vizuri siku ya Jumapili, akatae.